Nyekundu Kabla ya Povu

Kaka yangu anaitwa Povu. Wanaomwita hivyo kwa kumcheka ndio haohao wanaomtafuta mbio mbio gesi ikiwanukia garini, kwa hiyo mimi siwajali. Kazi yake ni kugeuza magari ya petroli yaende kwa gesi asilia, ile inayojazwa kwenye mtungi mnene wa chuma nyuma ya kiti. Akishafunga bomba kutoka kwenye mtungi hadi kwenye injini, huingiza upepo wa kupimia, huchukua kikopo cha sabuni na brashi, akapaka povu kila nati, kisha akachuchumaa na kulitazama. Povu likitulia, nati imeshika. Likianza kutoa vijipovu vipya, kuna mahali panapumua.

Mimi ni mdogo wake. Ninashona viti vya magari upande wa pili wa banda hilohilo, na baina yetu kuna meza ya spana na mwanya wa kupita mtu mmoja aliyejibana. Akianza kupima, redio huzimwa, cherehani yangu husimama, na mteja mwenye kikohozi huombwa akakohoe barabarani. "Jicho lione na sikio lisikie," husema, kama kwamba sisi wengine tuna masikio ya mapambo. Nimeachishwa mishono mingi katikati kwa ajili ya sikio lake, na kila mara nimenuna.

Baada ya povu hufuata nyekundu. Nati ikishapita mtihani, kaka huifuta kwa kitambaa, halafu huchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba. Siku nati ikilegea, mstari hukatika, na hata dereva asiyejua lolote huona. Bandani kwetu nati nyekundu ni neno la mwisho. Hakuna anayeigusa wala kuiuliza swali.

Rangi yenyewe ilikuwa ya binti yake. Alipokuwa shule walimkataza kupaka kucha, akaificha chupa kwenye sanduku la spana la baba yake, akidhani hapo hakuna atakayeitafuta. Kaka aliiona, akacheka peke yake, akaanza kuitumia. Binti alimaliza shule, akaolewa, akabeba mimba, na chupa bado iko kwenye mfuko wa shati la baba yake. Ikizidi kuwa nzito, kaka huitia tone la tina, ile ya wapiga rangi, akaitikisa. Nilimwambia anunue nyingine, dukani zimejaa. Alinijibu, "Hii bado inaandika."

Zamani kaka alikuwa fundi wa kabureta. Alikuwa akinyonya petroli kwa mpira ili itoke kwenye tangi, na mara nyingine aliimeza. Akirudi nyumbani binti yake, mdogo bado, alikuwa akimkimbilia mlangoni, anafika, ananusa, anageuka na kurudi kwa mama yake akilia. Kaka alikuwa akioga mpaka ngozi inauma, na harufu iko palepale. Halafu kikaja kikohozi. Gesi ilipoanza kuingia mjini, wenzake wakasema ni mambo ya kupita. Yeye alikwenda kujifunza upya kazi akiwa mtu mzima, akakaa darasani na vijana wa kuwazaa mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Alisema anataka mjukuu wake asimkimbie.

Mkwe wake, mume wa huyo binti, ni dereva wa teksi, na gesi alikuwa akiiogopa kuliko maelezo. "Baba," alimwambia kaka siku moja akiwa amekaa juu ya rundo la sponji zangu, "mimi niendeshe huku nyuma yangu nimebeba bomu?"

"Na tangi la petroli unalolikalia siku zote ni sufuria ya uji?" kaka akamjibu.

Tulicheka, lakini mkwe hakucheka. Alikuja kukubali shingo upande, bei ya petroli ilipomfikisha mahali pa kuegesha gari kwa sababu kuliendesha ni hasara, na mtoto yuko njiani. Akatoa sharti. Kaka ana desturi moja: kila gari analolimaliza, likishajazwa gesi mara ya kwanza, yeye mwenyewe hukaa kiti cha nyuma, mgongo wake umeegemea mtungi, na mwenye gari anaendesha mpaka aseme inatosha. Mkwe akasema, "Ukikaa wewe nyuma, baba, na mke wangu atakaa." Wakapeana mikono.

Siku kaka alipokuwa akimalizia gari hilo, mimi nilikuwa na viti vyake mezani, vya bluu, mshono wa mwisho. Nilimwona akiitikisa chupa, akiipuliza, akiisonya. Sikumtilia maanani, kwa kuwa chupa ile kila siku ilikuwa na maudhi yake. Kisha simu ikaita. Alikuwa wifi yangu, mkewe, akipiga kutoka hospitali. Binti uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kumpasua. Kaka aliiacha spana ilipoangukia na kutoka na koti la kazi. Hakutuaga.

Tulibaki mimi na mwenzake wa kazi, tunayemwita Swadakta. Ndilo neno lake. Ukimwambia mvua inanyesha, swadakta; ukimwambia imeacha, swadakta. Ni mtu mwema mwenye mikono yenye nguvu, ila kuuliza mara mbili hakupendi. Alifungua buti la gari, akainama, akaona nati zote zina mstari mwekundu. Akarudisha kapeti, akafunga buti, akanisaidia kuingiza viti. Gari limekwisha.

Mtoto alitoka salama, wa kike, na mama yake akabaki wodini mpaka mshono upate nguvu. Kaka akawa kiguu na njia, hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali, anabeba chupa za chai na nguo safi. Bandani hatukumwona. Mkwe alipokuwa akipita kuuliza hali ya gari lake, Swadakta alimfunulia kapeti, naye akachuchumaa, akazihesabu zile nyekundu kwa kidole. Nilimwona akitabasamu. Mtu aliyekuwa akisema bomu, sasa anatabasamu kwa nati! Nilifurahi kama kwamba kazi ni yangu.

Asubuhi ya kuwatoa hospitali, mkwe alikuja mapema, amenyoa, ana shuka jipya la mtoto begani, akalichukua gari. Kaka naye alifika baadaye kidogo, anapiga mluzi. Kaka na mluzi ni vitu ambavyo sikuwahi kuviona pamoja. Aliniambia mtoto ana vidole virefu kama vya marehemu mama yetu. Akavua saa, akajiandaa kupima gari jingine, akafikia kikopo chake cha sabuni.

Brashi haikutoka. Sabuni ilikuwa imekauka na kuishika kama saruji. Kaka alikigeuza kikopo juu chini, na mluzi ukakoma.

"Hii sabuni," alisema, "tangu niondoke hakuna aliyeigusa?"

"Hakuna, kaka," alisema Swadakta. "Hapakuwa na la kupima."

"Na gari la mkwe?"

"Si ulikuwa umeshalipima? Nati zote nyekundu."

Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile chupa. Rangi ilikuwa imeganda hadi kwenye kifuniko. Alizungumza akiitazama chupa, si sisi. "Nilitanguliza rangi. Ilikuwa nzito, nikaitia tina, ikalainika. Nikasema niwahi kuzichora zote kabla haijaganda tena. Povu nikaliacha la mwisho."

Swadakta alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno lake halikutoka.

"Ile ya nyuma ya mtungi," kaka aliendelea, "sikumbuki kama niliikaza kwa spana au niliizungusha kwa mkono tu. Simu iliita nikiwa pale. Gari liko wapi?"

"Amelichukua," nilisema. "Amekwenda kuwatoa hospitali."

"Kwa petroli?"

"Alikwenda kwa petroli. Alisema wakitoka atapita kujaza gesi, wakienda nyumbani."

Hapo nieleze kwa nini alibadilika rangi. Upepo wa kupimia ni kitu kidogo, lakini gesi ya kituoni huingizwa kwa nguvu nyingi mno. Nati iliyolegea ikikutana na nguvu ile, gesi hujaa ndani ya gari lililofungwa vioo, na kinachobaki ni kusubiri cheche. Gari lile lilikuwa na mkwe, wifi, binti na kitoto kilichokuwa hata jina hakijapewa.

Alimpigia mkwe. Haipatikani. Akampigia binti. Haipatikani. Akampigia mkewe, na yule mwanamke wa kwenye simu akarudia maneno yaleyale kwa sauti yake tamu ya kuudhi. Nilisema labda chaji zimekwisha. Kaka alitikisa kichwa.

"Zote tatu? Wamefika kituoni," alisema. "Wamezima."

Alikuwa amewafundisha mwenyewe. Simu huzimwa kabla ya lango la kituo, si ndani, kabla. Aliwakaririsha mpaka wakamchoka. Hata mezani aliwauliza, lango kwanza au simu kwanza? Sasa walikuwa wamemtii, na utii wao ulikuwa ukimnyonga. Namba ya kituo haikuwa ikipokelewa, kama kawaida yao. Swadakta akabaki akiipiga tena na tena.

Tulitoka mbio. Nilichota sabuni mpya ya kufulia, nikaikoroga kwa maji kwenye kopo nikitembea, na kaka akabeba spana na brashi nyingine. Pikipiki ya kwanza tuliyoiona tulipanda wawili nyuma ya dereva, mimi mwisho, kopo la povu nimelikumbatia na maji ya sabuni yakinitiririkia gaunini. Dereva aliuliza tunakwenda kufua wapi. "Kituo cha gesi, mbio," kaka alisema.

Kituo cha gesi ni kimoja tu upande wetu wa mji, na foleni yake siku zote hutoka nje ya lango na kukunja kona. Kila tulipokwama kwenye taa nilimsikia kaka akipumua kwa kifua chake kile kibovu. Nilijikaza kisabuni, kweli kweli, maana sabuni nilikuwa nayo. Nilijiambia foleni itakuwa ndefu, hawatakuwa wamefikiwa. Nilijiambia kituoni abiria hushushwa kabla ya kujaza, wako kwenye benchi. Halafu nikakumbuka mwanamke mwenye mshono mbichi na mtoto mchanga. Nani mwenye roho ya kumshusha juani? Tulipokunja kona, foleni ilikuwa fupi kuliko nilivyowahi kuiona.

"Simama," kaka alimwambia dereva wa pikipiki, akaruka kabla haijasimama.

Gari lilikuwa kwenye pampu. Niliviona viti vyangu vya bluu kupitia kioo cha nyuma, na juu ya viti, kichwa cha wifi kimefungwa kitambaa. Walikuwa ndani. Boneti iko wazi, mhudumu, msichana mwenye ovaroli, ameshachomeka mpira, mkono uko kwenye kishikio. Mkwe amesimama kando yake amekunja mikono kifuani, mwenye fahari.

Kaka si mtu wa kupiga kelele. Sikujua kama ana sauti ile. "Funga! Funga! Usiongeze!"

Nilisikia mlio mfupi wa gesi ikiingia. Kisha ukakatika. Msichana alikuwa amekishusha kishikio, akimkodolea macho yule mzee mwenye spana aliyekuja juu yake kama mwizi. Foleni nzima ilitoa vichwa madirishani.

Kaka alifika mlango wa nyuma, akaufungua. "Shukeni. Taratibu. Msiwashe wala msizime chochote." Wifi aliteremka na mtoto kifuani, binti akafuata akijishika tumbo, uso umemsawajika kwa maumivu. Niliweka kopo chini, nikamshika kiuno na kumpeleka hadi kwenye benchi la mbali. "Shangazi, kuna nini?" aliniuliza. Nilimwambia akae kwanza.

Mkwe alikuwa bado hajaelewa. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumsitiri mkwe wake mbele za watu. "Baba, umekuja kukaa nyuma? Sikutaka kukusumbua, nilijua umechoka na hospitali."

Maneno hayo yalimfungulia kaka mlango wa kujiokoa, na ungemtosha kupita. Angesema ndiyo, nimekuja kukaa nyuma. Angelipeleka gari pembeni kwa kisingizio, akaikaza nati yake kimya kimya, na hakuna ambaye angejua hadi leo. Katika foleni ile nusu ya magari aliyafunga yeye. Wenyewe walikuwa wakisikiliza.

"Hapana," alisema kaka. "Gari lako sikulipima."

"Zina nyekundu. Nimeziona."

"Nilichora kabla ya povu. Kosa ni langu mimi."

Mkwe alimtazama, kisha akatazama benchi. Uso wake ulishuka polepole. Dereva mmoja kwenye foleni alisema, "Lo!" na mwenzake akamnyamazisha.

Gari halikuwashwa. Lilisukumwa kwa mikono hadi uwanja wa pembeni, mkwe akiwa wa kwanza kulitia bega, na madereva wawili watatu wakasaidia. Kaka alifungua milango yote, akainua buti, akatoa kapeti. Akaniomba kopo. Nilikuwa nimezoea kumnunia kila akitaka kimya, lakini siku hiyo nilikuwa mimi niliyewageukia wale watu na kusema, "Nyamazeni." Wakanyamaza. Hata mashine za kituo ziliniwia kelele.

Gesi iliyokuwa imeingia ilikuwa kidogo, ila ilitosha kupimia. Kaka alianza mbele, kwenye boneti. Nati ya kwanza, povu likatulia. Ya pili, likatulia. Alikuwa akipaka bila haraka. Akaja nyuma. Akalala nusu ndani ya buti, akapaka nati iliyo nyuma ya mtungi, akatoa kichwa ili mkwe aone.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha povu likavimba upande mmoja, likapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika, kijipovu juu ya kijipovu, na katika kimya kile tukasikia mlio mwembamba. Mstari mwekundu ulikuwa mzima juu yake, mzuri, haujakatika hata kidogo.

Kaka alifunga valvu ya mtungi, akaachia gesi iliyobaki kwenye bomba iishie hewani. Alipoweka spana, nati ilizunguka kwa urahisi wa kutisha kabla haijashika. Aliikaza. Msichana wa kituo, aliyekuwa amekuja kusimama nasi, aliruhusu tuingize gesi kidogo tena, na kaka akapaka povu upya. Likatulia. Akapaka mara nyingine. Likatulia.

"Sasa imeshika," alisema.

Mkwe alijibu bila kumtazama. "Mtoto hapandi."

"Sawa."

"Wala mama yake."

"Sawa, mwanangu."

Alitoka getini, akasimamisha teksi ya mwenzake, ya petroli, iliyokuwa ikitoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Akawapandisha wote. Wifi aligeuka kumtazama mumewe, akasita, akapanda; mkwe akakaa mbele, wakaondoka. Mtoto alifunikwa shuka usoni ili asivute ule moshi. Kaka aliliona hilo, na nadhani katika yote ya siku ile ndilo lililomkata zaidi.

Nilitaka kumwambia twende. Lakini dereva mmoja alitoka kwenye foleni, mtu wa makamo, akazungushazungusha ufunguo mkononi. "Fundi," alisema, "na langu je?"

"Lete," alisema kaka.

Likaja la huyo, likaja la mwingine. Kila aliyefungiwa na kaka aliegesha pembeni, na kaka akaanza upya, nati kwa nati, akipaka povu juu ya nyekundu zake mwenyewe. Wawili waliondoka wakisema hawataki tena kuguswa naye. Swadakta alifika amelowa jasho, macho mekundu. Alikuwa amelia, na hakujaribu kulificha hilo. Akatoa brashi aliyokuja nayo, akaanza kupaka. Hakuna gari jingine lililovuja, hata moja, na kila povu lilipotulia nilimchukia zaidi yule aliyesema "Lo!"

Ilibaki kulirudisha gari la mkwe nyumbani. Kaka akalijaza gesi, akakaa kwenye usukani, akashika ufunguo bila kuuzungusha. Niliona tatizo lake. Fundi hukaa nyuma, na fundi alikuwa mbele.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikakaa. Sikuwahi kukaa kwenye viti vyangu mwenyewe vikiwa na mtungi nyuma yake. Nilikuwa nikiogopa, sitatia chumvi wala kupunguza: mgongo wote ulikuwa baridi, na nilinusa njia nzima kama paka. "Endesha," nilimwambia, "au unataka uombwe?" Aliendesha hadi nyumbani kwa mkwe, akaweka ufunguo juu ya boneti, tukaondoka kwa miguu.

Baada ya hapo mkwe aliendelea na kazi, ila swichi ya kwenye dashibodi aliiacha upande wa petroli. Tulijua, maana teksi zote hujuana. Hakumsema vibaya kaka mahali popote. Hakuja tu. Binti alikuwa akimpigia baba yake simu na kumwekea mtoto alie, kaka anasikiliza, anasema haya, haya mama, na kuikata kabla sauti yake haijamsaliti.

Bandani wateja walipungua, halafu wakarudi wachache, halafu wengine. Baadhi walikuja kwa sababu ya siku ile ya kituoni; walisema fundi anayejitaja mwenyewe ni nadra. Kaka hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alipima kama zamani, povu na kimya, ila hakuchora tena. Nati zilitoka bandani zikiwa tupu. Ile chupa iliyoganda ilikuwa juu ya meza ya spana, naye hakuitupa wala hakuigusa.

Asubuhi moja nilisikia gari ninalolijua likiingia. Mkwe alishuka. Binti akashuka nyuma yake, amenawiri, mtoto kwenye mkono. Swadakta alijifanya anatafuta kitu chini ya gari. Kaka alisimama na kitambaa mkononi, hajui afute nini.

Mkwe alikwenda moja kwa moja mezani. Aliichukua chupa ya zamani, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, ikalia. Mahali pake akaweka chupa mpya, nyekundu ileile, kifuniko bado kimefungwa kwa karatasi ya dukani.

"Mkeo mdogo ameichagua," alisema akimwonyesha kwa kidevu mtoto, utani wa babu na mjukuu, lakini sauti haikuwa ya utani. "Ikianza kukauka, baba, itupe. Usiihurumie."

"Nimesikia," alisema kaka.

Mkwe akainua buti, akatoa kapeti mwenyewe. "Anza na ile ya nyuma." Kisha akaenda kuzima redio.

Nilisimamisha cherehani bila kuambiwa. Kaka alikoroga sabuni mpya, akainama, akapaka. Mtoto akaanza kulia, kilio cha nguvu cha kujaza banda, na sote tukamtazama kaka, mtu asiyestahimili hata kikohozi. Aliinua brashi, akangoja. Hakumwambia mtu atoke naye. Binti alisogea karibu, akamweka mtoto kwenye mkono wa baba yake, ule usioshika brashi. Mtoto akanusa shati, akatulia palepale.

Povu nalo likatulia. Kaka alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akalifuta, akampa binti mtoto wake. Ndipo akafungua chupa.

"Kaa mbele leo," mkwe alimwambia alipomaliza kuchora. "Nyuma wanakaa hawa."